Mhimili Mmoja, Kazi Tano

Kiswahili bado kinasema "kutia saa ufunguo", ingawa funguo zenyewe zimeadimika kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu akiivua saa yake asubuhi, akakizungusha kile kichwa kidogo cha ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, husema ametia ufunguo. Lugha imeshikilia hatua ambayo mafundi waliiacha, nami naona imefanya vyema, kwa kuwa swali ambalo ufunguo ulilijibu kwa namna yake halijapata jibu lililo bora kwa kila upande hadi leo.

Swali ni hili. Saa ya kamani inahitaji kupewa nguvu, na inahitaji kutiwa majira. Kazi zote mbili hufanywa na mwenye saa, si fundi, na hufanywa kutoka nje, kasha likiwa limefungwa. Lazima basi pawepo mlango wa mkono kuingilia. Mlango ukiwa mwembamba mno, vyuma vyake huvunjika. Ukiwa mpana, vumbi na jasho huufuata mkono ndani. Wauzaji husifu mawe ya rubi na gurudumu la mizani, na kichwa cha saa hukitaja kwa mstari mmoja kama wanakitaja kabisa. Lakini ndicho mwenye saa anachokishika kila siku. Kwa fundi mmoja wa Tanga, aliyekuwa na kisanduku chake cha kioo chini ya baraza, nilijifunza kwamba huko ndiko saa inakoumia kwanza. "Moyo wa saa," aliniambia, "hakuna anayeugusa. Kichwa, hata mtoto anakivuta."

Enzi ya ufunguo ilikuwa na hekima yake. Saa ya mfukoni ya karne ya 18 kwa kawaida ilikuwa na ncha mbili za pembe nne, moja ya kukaza kamani na nyingine ya kusogeza mishale. Kila kazi ilikuwa na mahali pake, kwa hiyo hukuweza kukusudia moja ukafanya nyingine. Chuma kilichopokea nguvu ya mkono kilikuwa kinene, kimeungana na gurudumu lake bila wenzo wala springi katikati. Hasara zake zilitoka nje: kasha lilifunguliwa kila siku na vumbi likaingia kila siku, ufunguo ulipotea, na asiyejua upande wa kuzungusha aliweza kulazimisha mpaka kitu kikavunjika. Kwa hilo la mwisho ilipatikana dawa nzuri sana, ufunguo unaojulikana kwa jina la Breguet, fundi mkuu wa Paris. Ndani yake mna meno ya upande mmoja, na ukiuzungusha kinyume unateleza tu mkononi bila kuigusa mashine. Kosa la mkono linazimwa palepale mkono unaposhika, kabla halijafika ndani. Kanuni hiyo nitairudia, kwa sababu naiona ndiyo iliyosahauliwa zaidi baadaye.

Mwaka 1820 Thomas Prest, aliyefanya kazi kwa mtengenezaji saa John Roger Arnold, alipata hataza Uingereza ya kukaza kamani kwa kuzungusha kifundo cha juu cha saa ya mfukoni. Ufunguo wa kamani ukaondoka, lakini mishale ikabaki na njia yake ya zamani. Nusu ya pili ya kazi ilimngoja Mfaransa Adrien Philippe. Mwaka 1844 alionyesha Paris saa ambayo kichwa chake kimoja kilikaza kamani na pia kusogeza mishale. Kwenye maonyesho hayo alikutana na Antoni Patek, Mpolandi aliyekuwa akiuza saa Geneva, na kufikia 1851 majina yao yalikuwa yameunganishwa kuwa jina la kampuni. Mwaka huohuo, kwenye Maonyesho Makuu ya London, Malkia Victoria alipata saa yao moja isiyo na ufunguo. Baada ya hapo kila tajiri aliitaka.

Mpango unaohusishwa na Philippe ndio uliomo katika saa nyingi sana zilizo mikononi mwetu leo, kwa hiyo inafaa tuufungue taratibu.

Kichwa kimefungwa kwenye mhimili mwembamba unaoingia katikati ya mashine. Sehemu ya mhimili huo imechongwa pembe nne, na juu ya pembe hizo hukaa gurudumu dogo linaloweza kuteleza mbele na nyuma huku likizunguka pamoja na mhimili. Anayejua gari atalitambua mara moja, kwani hiyo ni klachi. Uso wake mmoja una meno ya mshazari yanayoshikana na gurudumu la kukazia kamani. Mwisho wake wa pili una meno ya kawaida yanayoshikana na magurudumu ya mishale. Kichwa kikiwa ndani, klachi imesukumwa upande wa kamani. Ukikivuta, wenzo mdogo uliokamata mfereji wa mhimili unageuka, unasukuma mkono wa pili, na mkono huo unaihamisha klachi hadi upande wa mishale. Yale meno ya mshazari ndiyo sauti ya "krrr" unayoisikia ukirudisha kichwa nyuma wakati wa kutia ufunguo: yanapandana na kuachiana, na kamani haiguswi. Ufunguo wa Breguet umeingizwa ndani ya saa.

Hadi hapo ni akili tupu, na kila nikiitazama kwa lenzi naiheshimu. Udhaifu uko kwenye kipande kinachofuata. Wenzo ule lazima ujue kusimama mahali pawili: ndani, na nje. Kinachoushikilia ni springi bapa, unene wake haufiki nusu milimita, iliyochongwa pua yenye vishimo viwili au vitatu. Kila ukivuta kichwa, kipini cha wenzo huruka kutoka kishimo kimoja kwenda kingine na ile springi hupinda kidogo ili kukipisha. Ule mguso wa "tak" unaousikia vidoleni ni springi hiyo. Na hukatika mahali palepale, kwenye shingo ya pua. Ikishakatika, kichwa hakikai nje wala ndani. Unataka kutia ufunguo, mishale inazunguka. Unataka kusogeza mishale, kamani inakazwa. Mimi mwenyewe niliikata springi ya namna hiyo nikiwa na miaka kumi na minane, kwenye saa niliyorithi, kwa kukivuta kichwa kwa ukucha nikidhani kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Mhimili ulikuwa umeota kutu kidogo, na kilichohitajika kilikuwa tone la mafuta na subira.

Kwa nini kipande kinachobeba uzito wa kila siku kifanywe chembamba kuliko vyote? Kwa sababu nafasi iliyo chini ya uso wa saa ni finyu, na kila mtengenezaji alitaka saa nyembamba kuliko ya jirani yake. Mara nyingi kipande hichohicho hupewa na kazi ya kifuniko, kushikilia magurudumu ya mishale yasidondoke, hivyo kukibadili ni kulazimika kugusa vitu vingine vinne. Hapa siwatetei wachoraji wa mashine. Sehemu ya milimita iliyookolewa hapo hulipwa na mwenye saa baada ya miaka kumi, kwa bei ya fundi.

Walikuwapo waliokataa kabisa mpango wa kuvuta. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, katika jimbo la Ohio, Marekani, na lawama ikaangukia saa ya dereva iliyosemekana kusimama dakika chache kisha ikaendelea. Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, alipewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na kutokana na kazi kama yake zikaenea kanuni za saa za reli. Mojawapo ilihusu jambo letu: mishale isisogezwe kwa kuvuta kichwa. Mwenye saa alipaswa kufungua kioo, kuchomoa kwa ukucha wenzo uliojificha ukingoni mwa uso, kusogeza mishale, kurudisha wenzo, kisha kufunga kioo. Kichwa kilibaki na kazi moja tu, kutia ufunguo. Dereva aliyetia ufunguo gizani, treni ikitikisika, hakuweza kusogeza dakika hata moja bila kujua. Usumbufu ule ulikuwa kinga iliyokusudiwa, na saa hizo zilizopona hadi leo nyingi bado zina mfumo mzima wa kutilia majira, kwa kuwa uliguswa kwa nadra na kwa makusudi.

Kwa mtu wa pwani, kusogeza mishale hakukuwa jambo la nadra namna hiyo. Katika Zanzibar ya masultani siku mpya ilianza magharibi, jua likizama ni saa kumi na mbili. Aliyetaka saa yake ifuatane na jua alilazimika kuitia majira mara kwa mara. Sisi leo tunaiacha mishale ikae kama ya Mzungu na tunahesabu saa sita pembeni kichwani mwetu, bila kugusa chochote. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mchoraji wa mashine. Njia itakayotumiwa kila jioni na ile itakayotumiwa mara moja kwa mwezi hazistahili unene mmoja wa chuma.

Kusogeza mishale kuna siri nyingine isiyoonekana hata ukifungua kifuniko cha nyuma. Mishale haikufungwa kabisa kwenye magurudumu yanayotembea. Mshale wa dakika umekaa juu ya mrija mdogo uliovikwa mhimili wa katikati kwa kubana. Mbano huo unatosha kuubeba mshale saa ikitembea, na unakubali kuteleza ukisogezwa na mkono. Ukilegea, saa inapiga vizuri kabisa huku mishale ikichelewa, na mwenye saa anaapa kwamba mashine ni mbovu. Ukikauka mafuta, kichwa kinakuwa kizito, na nguvu ya vidole hupita yote kwenye meno madogo ya magurudumu ya chini ya uso mpaka moja ling'oke. Nimeona saa nyingi zikisafishwa vizuri upande wa nyuma, zikarudishwa kwa mwenyewe bila chembe ya grisi upande huu. Hiyo ni nusu ya kazi. Mahali penye chuma kusugua chuma kwa nguvu, kama kwenye mfereji wa klachi, panataka grisi nzito. Mafuta mepesi ya kusukumia magurudumu hukimbia hapo kabla ya mwezi kuisha.

Kisha kuna ule mchezo wa meno, nafasi ndogo kati ya jino na jino. Unaweka mshale wa dakika juu ya alama barabara, unasukuma kichwa ndani, mshale unaruka nusu dakika. Wengi huulaumu mkono wao. Dawa ya mkononi ni kupitisha mshale mbele kidogo kisha kuurudisha taratibu hadi kwenye alama, meno yakae upande mmoja. Dawa ya kiwandani ni meno yaliyochongwa vizuri zaidi, na yanapatikana, ila ni gharama ambayo mnunuzi haioni dirishani. Badala yake viwanda vingi viliongeza kitu kinachoonekana: ukivuta kichwa, kiwenzo kinagusa gurudumu la mizani na mshale wa sekunde unasimama. Ni faida ya kweli, na wanajeshi wa Vita Vikuu vya Pili waliihitaji ili kulinganisha saa zao. A. Lange & Söhne ya Ujerumani walienda mbele zaidi mwaka 1997, wakaufanya mshale wa sekunde urukie sifuri kichwa kinapovutwa. Ila ni kazi nyingine iliyopachikwa kwenye mhimili uleule.

Kazi ya kuziba shimo la mhimili ndiyo iliyoleta fikra kali kuliko zote. John Harwood, fundi saa Mwingereza, alipokuwa akitengeneza saa za mkono baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, aliona kwamba uchafu na unyevu hupita kwenye tundu la mhimili. Akaamua kuliondoa tundu lenyewe. Saa yake, aliyoipatia hataza Uswisi mwaka 1924, ilijikaza kwa uzito uliotikiswa na mkono wa mvaaji, na mishale ilisogezwa kwa kuzungusha ukingo wa kioo. Kijidirisha kwenye uso kilibadili rangi kuonyesha iwapo saa iko kwenye kutembea au kwenye kutiwa majira. Nalipenda sana lile doa la rangi: ndiyo mara ya kwanza ninayoijua saa ya mkono ikimwambia mtu wazi iko katika hali gani. Kampuni ya Harwood ilianguka mwaka 1931, katika mdororo wa uchumi wa dunia.

Aliyeshinda sokoni ni aliyeliacha tundu na kulifunga kwa uzi wa skrubu. Mwaka 1925 Paul Perregaux na Georges Peret waliomba hataza ya kichwa cha kukaza kama kifuniko cha chupa. Hans Wilsdorf wa Rolex akainunua, na mwaka 1926 ikatoka saa ya Oyster. Mpango wa kwanza ulikuwa na kasoro yenye funzo. Mhimili na kichwa vilizunguka pamoja daima, kwa hiyo kamani iliyojaa ilikuzuia usikaze kichwa mpaka mwisho. Ikabidi kuongezwa klachi nyingine, ndani ya kichwa chenyewe, inayokiachanisha na mhimili wakati wa kufunga. Mwaka 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliogelea katika mlango bahari wa Uingereza akiwa na saa hiyo, na tangazo lake likafanya kazi ambayo maelezo ya klachi yasingeiweza. Leo saa nyingi za wazamiaji zina uzi huo. Mjini Tanga, penye chumvi hewani, nimeona nyuzi zilizolika kwa sababu mwenye saa hukaza kwa mshazari. Ushauri wangu: rudisha kwanza nyuma mpaka uhisi uzi umekaa, ndipo ukaze.

Wengi wanadhani saa za otomatiki zilimaliza mjadala. Kwa kweli zilibadilisha tu mahali pa lawama. Baadhi ya mashine hizo ukizitia ufunguo kwa mkono, magurudumu yake ya ndani huzungushwa kwa kasi ambayo hayakuchongewa, na mwenye saa anayefanya hivyo kila asubuhi anayala. Ndiyo maana naiheshimu mashine ya Seiko iitwayo 7S26, iliyotoka mwaka 1996: haikazwi kwa mkono kabisa, wala haisimamishi sekunde. Watu waliilalamikia, na 4R36 iliyokuja baadaye ikaongezewa vyote viwili. Ile ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu iliyochagua kufanya machache na kuyadumisha. Hata hivyo, ilibaki na tarehe na siku za kubadilishwa haraka kwa kichwa, na hapo ndipo mtego wa saa nyingi ulipo. Ukibadilisha tarehe kwa haraka usiku, takriban kati ya saa tatu na saa tisa, kidole kinachosukuma tarehe tayari kimeingia kwenye meno. Kitu lazima kipishe, na kinachopisha ni jino.

Basi uboreshaji uelekezwe wapi? Njia moja ni kukitoa kichwa tena, kama Harwood. Freak ya Ulysse Nardin, mwaka 2001, hukazwa kwa kuzungusha mgongo wa kasha na kutiwa majira kwa ukingo wa mbele. Ressence ya Ubelgiji nayo hutumia mgongo unaozunguka. Nguvu ya mkono inagawanywa juu ya duara pana badala ya mhimili wenye uzi usiofika milimita moja, na hilo ni sahihi kihandisi. Lakini ni saa za matajiri, na hakuna fundi wa barazani atakayepata vipuri vyake. Njia nyingine, iliyotumiwa na kampuni ya Richard Mille, ni kitufe kinachochagua kazi kama gia ya gari, ili mhimili usivutwe tena. Ile springi yenye pua haipati tena misukosuko yake ya kila siku. Nayo ni ya bei isiyosemeka.

Kwa saa ya mtu wa kawaida ningetaka kidogo kuliko hayo. Kichwa kiwe na nafasi mbili tu, ndani na nje. Tarehe isogezwe kwa kuzungusha mishale mbele na nyuma kupitia usiku wa manane, kama saa nyingi za zamani zilivyokubali. Springi ya nafasi iwe kipande chake peke yake, kimeshikwa kwa skrubu moja, kinene mara mbili, na saa inenepe kadiri inavyolazimu. Ndani ya kichwa kiwemo kiungo kinachoteleza nguvu ikizidi, pande zote mbili, ili kosa lizimwe vidoleni kama kwenye ufunguo wa Breguet. Teknolojia hiyo ipo. Haimo kwenye saa za bei ya kawaida kwa sababu hakuna anayeiomba dukani.

Nilipomletea fundi yule saa niliyoivunja, kipuri hakikupatikana. Alichukua kipande cha springi ya saa kubwa ya ukutani, akakilainisha motoni, akakisugua kwa tupa ndogo akilinganisha na kile kilichokatika, asubuhi nzima. Kisha akakipasha mpaka chuma kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta, akakisugua king'ae, akakipasha tena taratibu juu ya sahani ya shaba, macho yake yakifuata rangi: manjano, kahawia, zambarau, hadi ikafika buluu, akakiondoa. Shingo ya pua aliiacha nene kuliko ya kiwandani. Nilimuuliza kama haitakuwa ngumu. "Itakuwa ngumu," alisema. Kichwa cha saa ile bado ni kigumu kukivuta, na bado naivaa.